Vifaa 700 vya Ex na Excel moja: uanzie wapi?

SWALI

Habari za kazi, Mhandisi. Mimi ni mhandisi wa vipimo na udhibiti katika depo ya petroli na gesi ya kupikia hapa Industrial Area, Nairobi. Tuna vifaa vya Ex, yaani vilivyotengenezwa kwa mahali penye gesi au mvuke unaoweza kulipuka, kama 700: transmita (vipimo vinavyotuma usomaji chumba cha udhibiti), mota za pampu, taa, vitambuzi vya gesi, maboksi ya nyaya. Vyeti vingine viko kwenye faili kabatini, vingine ni PDF zilizobaki kwenye barua pepe za watu ambao baadhi yao walishaacha kazi. Tuna Excel, lakini kila idara ina nakala yake. Bosi anataka tununue programu ya kusimamia vyeti kabla mkaguzi wa bima hajaja. Kampuni moja imetuahidi kwamba tukiwapa PDF zote wataziingiza wao, na tutakuwa sawa. Je, tununue? Na kama hapana, nianzie wapi?

JIBU

Dada, ahsante kwa kuandika, na pole kwa mzigo wa makaratasi uliourithi. Msinunue sasa. Programu kama hiyo inaweza kuwafaa sana baadaye, lakini ahadi mliyopewa inaanza kazi upande usiofaa. Chukulia wameingiza PDF zenu zote bila kosa hata moja. Mtajua mna karatasi gani. Hamtajua kama mota ya pampu ya petroli nambari 3 inastahili kuwa pale ilipofungwa, na hilo ndilo atakalouliza mkaguzi anayeijua kazi yake.

Rejista nzima ipo kwa ajili ya swali moja: kifaa hiki, mahali hapa, kwa namna kilivyofungwa leo, kinafaa? Kulijibu kunahitaji taarifa za namna tatu, na kila namna ina chanzo chake. Taarifa za mahali zinatoka kwenye mchoro wa zoni, unaoonyesha wapi mvuke unaowaka unaweza kuwepo na mara ngapi. Taarifa za kifaa zinatoka kwenye kibati cha mtengenezaji kilichopigiliwa kwenye kifaa chenyewe. Taarifa za aina ya bidhaa zinatoka kwenye cheti. Wengi hudhani cheti ni cha kifaa kimoja, kama kitabu cha gari kilivyo cha gari moja. Cheti hutolewa kwa muundo wa bidhaa, na mtengenezaji anaweza kuuza maelfu ya vifaa chini ya cheti hicho hicho. Ndiyo maana vifaa vyenu 700 huenda vikawa na vyeti vichache mno kuliko unavyofikiria.

Excel nyingi ninazoonyeshwa zina mstari mmoja unaobeba yote matatu kwa pamoja. Cheti kimoja cha transmita kinaandikwa mara arobaini, na katika hizo arobaini utakikuta kimeandikwa kwa namna tano tofauti: chenye nafasi, kisicho na nafasi, chenye X mwishoni, kisicho na X. Fundi akibadilisha transmita, anafuta nambari ya zamani na kuandika mpya juu yake, na historia ya kile kilichotoka inapotea. Kwa hiyo, hata kabla ya kufikiria programu, gawa Excel yako iwe kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni wa mahali, na mstari wake unatambulishwa kwa nambari ya tegi, yaani nambari ya mahali hapo kwenye depo, isiyobadilika kifaa kikibadilishwa. Wa pili ni wa vifaa, na mstari wake unatambulishwa kwa mtengenezaji na nambari ya mfululizo. Wa tatu ni wa vyeti, na mstari wake unatambulishwa kwa nambari ya cheti pamoja na toleo lake. Kisha unganisha: tegi hii leo imebeba kifaa hiki tangu tarehe hii, na kifaa hiki kilitengenezwa chini ya cheti hiki. Kifaa kikiondolewa, tegi inabaki na kifaa kinakwenda stoo na historia yake.

Sasa, uanzie wapi. Anzia uwanjani, kwenye vibati. Acha kabati lifungwe kwa muda. Ukianza na kabati utapata vyeti vya vifaa vilivyong'olewa zamani, utakosa vya vifaa vilivyoongezwa na mkandarasi wikendi, na utajikuta unatafuta vifaa vya kulingana na karatasi. Chukua fundi mmoja anayeijua depo kwa miguu yake, kamera inayoruhusiwa kuingia katika maeneo hayo, na kibali cha kazi. Anza na ukumbi wa kujazia mitungi na sehemu ya pampu, kisha eneo la kupakia malori, kisha juu ya matangi, na mwisho ndiyo taa za uzio. Piga picha ya kibati kizima na picha ya pili inayoonyesha kifaa kilivyo, nyaya zikiingia. Nakili maandishi ya kibati herufi kwa herufi, hata pale unapoona yamekosewa. Usisahihishe chochote uwanjani.

Utakutana na vibati vilivyopakwa rangi. Hili linaniudhi, maana linaepukika kwa kipande cha utepe wa karatasi kabla ya fundi wa rangi kupita. Rangi ikitoka bila kuharibu maandishi, itoe. Isipotoka, na kifaa hakina namna nyingine ya kutambulika, kiandike kuwa hakijatambulika. Usikisie kwa kutazama jirani yake anayefanana naye.

Ukirudi ofisini, gawanya maandishi hayo katika safu zake. Tuseme kibati kimeandikwa Ex db IIB T4 Gb. Hapo una aina ya kinga, ambayo ni kasha linaloweza kuhimili mlipuko wa ndani na kuzuia mwali usitoke. Kundi la gesi IIB. Daraja la joto T4, yaani uso wa kifaa hauvuki nyuzi 135. Na kiwango cha kinga Gb, kinachoruhusu Zoni 1, ambako mvuke hutokea mara kwa mara kazini, na Zoni 2, ambako hutokea kwa nadra. Petroli na gesi ya kupikia zote ziko kundi la IIA, na daraja la T3, lenye kikomo cha nyuzi 200, linatosha kwa zote mbili. Kifaa cha IIB kinafaa pia kwa gesi za IIA, na T4 ni kali kuliko T3, hivyo kifaa hicho kinapita kwenu kwa gesi na kwa joto. Baada ya kugawanya, Excel yenyewe inaweza kukulinganishia kibati na mahitaji ya mahali, na utashangaa ni mambo mangapi yatajitokeza kabla hujasoma cheti hata kimoja.

Linganisho hilo halina maana kama mchoro wa zoni umezeeka. Tazama tarehe yake. Tazama kama ukumbi wa gesi ulioongezwa baadaye umo. Tazama mitaro. Mvuke wa petroli na gesi ya kupikia ni mizito kuliko hewa. Hushuka, hutafuta bonde, huingia kwenye mfereji. Sisi wa upande huu wa Nairobi tunalijua hilo kwa uchungu, tangu petroli iliyovuja ilipofuata mtaro hadi makazi ya Sinai mnamo Septemba 2011 na kuua watu zaidi ya mia moja. Mchoro unaoishia ukutani bila kuonyesha maji ya depo yanatokea wapi uukatae, hata ukiwa na muhuri.

Baada ya hapo ndipo unavifuata vyeti, ukiwa na orodha ya nambari unazozihitaji kweli. Vyeti vya IECEx, mfumo wa kimataifa wa vyeti vya Ex, ni rahisi, kwa sababu mfumo huo una hifadhidata ya wazi kwenye intaneti, bila malipo. Nambari yake ina neno IECEx, herufi za taasisi iliyokitoa, tarakimu mbili za mwaka, nukta, kisha tarakimu nne. Utaona kama kinatumika, kimesimamishwa au kimefutwa, na utaona matoleo yake. Pakua mwenyewe kutoka huko. Usiridhike na PDF aliyokutumia muuzaji, ambayo huenda ina ukurasa wa kwanza tu. Vyeti vya ATEX, mfumo wa Umoja wa Ulaya, havina hifadhidata moja ya umma ya namna hiyo, kwa hiyo utavitafuta kwa watengenezaji mmoja mmoja. Kama kibati kina nambari zote mbili, anza na ile ya IECEx, lakini hifadhi zote.

Mambo machache yanayowachanganya watu hapa. Zile tarakimu nne zilizo kando ya CE, alama ya soko la Ulaya, ni za taasisi inayosimamia ubora wa uzalishaji kiwandani, nayo inaweza kuwa tofauti kabisa na taasisi iliyotoa cheti. Tofauti hiyo peke yake si dalili ya kughushi. Cheti cha zamani cha ATEX kilichotolewa chini ya agizo la zamani la Ulaya, 94/9/EC, hakikufa siku agizo jipya, 2014/34/EU, lilipoanza kutumika, tarehe 20 Aprili 2016. Mkaguzi akikukatalia kwa sababu hiyo, mwombe kwa heshima akuonyeshe anapolitoa. Na Uingereza ilipotoka kwenye soko la Ulaya, bidhaa nyingi zilizokuwa na vyeti vya ATEX vya taasisi za huko zilihamishiwa taasisi za ndani ya Umoja wa Ulaya na kupewa nambari mpya. Transmita mbili za aina moja, moja ya 2018 na nyingine ya 2022, zinaweza kubeba nambari mbili na zote zikawa sawa.

Kuhusu matoleo, shika kanuni moja: kifaa hubaki na toleo lililokuwepo kilipotengenezwa. Mtengenezaji akibadilisha kitu, cheti hupata toleo jipya, la 1, la 2, la 3. Kishawishi cha kila mtunza faili ni kufuta la zamani na kuweka jipya, akidhani anasafisha. Toleo jipya linaweza kuwa na vipimo ambavyo transmita yako ya miaka kumi haijawahi kuwa navyo. Yaweke yote. Ndiyo sababu nimesema ukurasa wa vyeti utambulishwe kwa nambari pamoja na toleo.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa utumie muda wako mwingi kuliko pengine pote: herufi X mwishoni mwa nambari ya cheti. X inasema kifaa ni salama kwa masharti maalumu, na masharti hayo hayamo kwenye kibati. Yamo ndani ya cheti na ndani ya kitabu cha maelekezo. Kwenye Excel nyingi X ni herufi tu iliyonakiliwa, na hakuna aliyefungua cheti kusoma inachodai.

Nitakupa kisa kutoka depo ya petroli kama yenu. Asubuhi ya tarehe 11 Desemba 2005, huko Buncefield, kaskazini mwa London, tangi nambari 912 lilijazwa hadi likafurika. Kipimo cha kina kilikuwa kimekwama. Juu ya tangi kulikuwa na swichi ya dharura, iliyojitegemea, ya kusimamisha petroli ikifika juu mno. Nayo haikufanya kazi. Uchunguzi ulionyesha kwamba swichi hiyo ilikuwa na mkono wa kuifanyia majaribio, na mkono huo ulihitaji kufungwa kwa kufuli ili swichi ibaki katika hali ya kufanya kazi. Kufuli halikuwepo. Waliotengeneza walijua kazi ya kufuli. Waliofunga na waliotumia walidhani ni la kuzuia wachezeaji tu. Zaidi ya lita 250,000 za petroli zilimwagika, wingu la mvuke likawaka, na watu zaidi ya arobaini wakajeruhiwa. Hakuna aliyekufa, kwa sababu ilikuwa Jumapili alfajiri. Kufuli lile halikuwa sharti la cheti cha Ex, lakini njia iliyokatika ndiyo ile ile: taarifa ilikuwepo kwa mtengenezaji, na haikumfikia mtu mwenye spana mkononi.

Kwa hiyo usiishie kuandika X. Fungua cheti, tafuta masharti, uyaandike kwa Kiswahili au Kiingereza ambacho mafundi wenu wanakielewa, na kila sharti ulitafutie mwenyewe, yaani mtu wa kulisimamia. Masharti ya kawaida ni kama haya. Kasha la plastiki, au lenye rangi nene, linaweza kukusanya chaji tuli, hivyo lifutwe kwa kitambaa chenye maji tu. Huyo anayehusika ni mfanyakazi wa usafi anayepitisha kitambaa kikavu asubuhi kabla wageni hawajafika, na hajawahi kuona cheti maishani mwake. Kasha la alumini lilindwe lisigongwe na chuma: huyo ni mtu wa jukwaa na forklifti. Mahali waya unapoingia panapata joto, hivyo waya na glandi (kifungio cha waya kwenye tundu la kasha) ziwe za kustahimili nyuzi fulani: huyo ni mnunuzi. Bolti za kifuniko ziwe za daraja fulani la nguvu: huyo ni karani wa stoo, ambaye akikosa hiyo atatoa bolti yoyote inayoingia. Nafasi za kuzuia mwali, yaani mianya myembamba kwenye maungio ya kasha, zisirekebishwe bila kuwasiliana na mtengenezaji: huyo ni fundi wa karakana. Sharti likishapata mwenyewe, liingie kwenye karatasi ya kazi ya mtu huyo. Likibaki kwenye PDF, hali yenu ni sawa na ile ya Buncefield.

Ukikuta U badala ya X, simama. U ni cheti cha kipuri, kitu kisichoruhusiwa kutumika peke yake mpaka kiwe ndani ya kifaa kingine chenye cheti kamili. Wauzaji wa maboksi matupu hukitoa hicho kama ushahidi. Boksi tupu lenye U, likatobolewa na kujazwa viungio na mkandarasi wako, halina cheti.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za juu ambalo vitabu vya wazungu wa pwani havilitaji sana, nalo ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali (kPa) 82 au 83. IEC 60079-0, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya Ex, inachukulia kifaa kitatumika kwenye shinikizo kati ya kPa 80 na 110, kwa hiyo tumo ndani, ila karibu na ukingo. Depo ya Eldoret, penye mita kama 2,100, iko chini ya kPa 80. Limuru vilevile. Kwa mota hali ni ngumu zaidi: IEC 60034-1, kiwango cha mota, inachukulia mota itafanya kazi mahali pasipovuka mita 1,000, labda mtengenezaji aseme vinginevyo. Hewa nyembamba hubeba joto kidogo, mota hupata moto zaidi kwa mzigo ule ule, na daraja la T lililoandikwa kwenye kibati lilipimwa kwa dhana ya hewa nzito zaidi. Ongeza safu mbili kwenye ukurasa wa vifaa: mwinuko unaoruhusiwa, na joto la hewa linaloruhusiwa. Mota zenu za Ex zote ziulizie kwa maandishi, ukimpa mtengenezaji nambari ya mfululizo na mita za mahali ulipo, na jibu lake ulihifadhi kama sehemu ya ushahidi wa kifaa hicho. Kama mota inaendeshwa kwa drivu ya kubadili kasi, uliza na hilo kwenye barua ile ile.

Joto nalo lisomwe kwa makini. Pasipoandikwa kitu, kifaa kimekusudiwa hewa ya kati ya nyuzi -20 na +40. Hali ya hewa ya Nairobi haivuki hapo, lakini ndani ya kabati la chuma linalopigwa na jua la Februari huvuka. Na vyeti vingi vya transmita vina jedwali: T6 hadi nyuzi 40, T4 hadi nyuzi 70, kwa mfano. Anayeingiza T6 peke yake, bila joto lake, ameingiza nusu ya taarifa.

Kwa saketi za Ex i, zile zinazolindwa kwa kuwekewa umeme mdogo usioweza kuwasha, cheti cha kifaa peke yake hakitoshi kwa sababu usalama uko kwenye saketi nzima: bariya (kizuizi kinachopunguza umeme unaokwenda uwanjani) iliyo chumba cha udhibiti, waya, na transmita iliyo uwanjani. Rejista lazima ibebe namba za umeme, zikiwa namba, si picha ya jedwali. Bariya ya kawaida inatoa, kwa kiwango cha juu kabisa, Uo (volti) ya 28, Io (mkondo) ya milliampia 93 na Po (nguvu) ya wati 0.65. Transmita iwe na Ui, Ii na Pi, yaani volti, mkondo na nguvu inazoruhusiwa kupokea, zisizopungua hizo. Kisha uwezo wa chaji wa transmita ujumlishwe na wa waya, na jumla isivuke Co, kikomo cha uwezo huo kwa bariya. Vivyo hivyo kwa Lo, kikomo cha induktansi. Fikiria transmita yenye Ui ya volti 30 imeharibika Ijumaa jioni, na stoo ina nyingine ya mtengenezaji yule yule, umbo lile lile, lakini herufi moja ya modeli imebadilika na Ui yake ni volti 26. Itafungwa, itasoma vizuri, kila mtu ataenda nyumbani ameridhika, na saketi haina tena uthibitisho. Macho hayawezi kuliona kosa hilo. Rejista yenye namba inaliona papo hapo.

Hapo hapo kuna mtego mwingine. Transmita nyingi za siku hizi zina kibati kinachobeba aina kadhaa za kinga, Ex d (kasha la kuhimili mlipuko) na Ex ia (umeme mdogo), na visanduku vya kuweka alama. Anayefunga huchagua moja na kuitia alama isiyofutika. Ikishatumika kama Ex d bila bariya, haifai kurudishwa kwenye saketi ya Ex ia, maana huenda sehemu zake za ndani za ulinzi zimeshaumia bila dalili. Rejista iseme ni ipi iliyochaguliwa. Kama visanduku vyote viko vitupu, liandike hilo kama hitilafu.

Mota zilizosukwa upya zinahitaji ukurasa wake. Nairobi ina mafundi hodari wa kusuka mota, lakini uhodari wa kusuka na ukarabati wa mota ya Ex ni vitu viwili. IEC 60079-19, kiwango cha ukarabati wa vifaa vya Ex, inataka kumbukumbu ya kilichofanywa, na alama ya R kwenye mota: R ndani ya mraba ikiwa bado inalingana na cheti, R ndani ya pembetatu ikiwa inalingana na kiwango lakini si lazima na cheti. Mota iliyokwenda nje ikarudi bila karatasi wala alama usiifunge tena Zoni 1 kwa sababu tu kibati chake cha zamani bado kinang'aa.

Glandi na vizibo usivipe mstari mmoja mmoja. Utachoka na utaacha. Andika kwa kila kasha: matundu mangapi, uzi wa aina gani, glandi ya modeli gani, cheti gani. Uzi uutaje bila kukosa, kwa sababu M20 (uzi wa milimita) na NPT ya nusu inchi (uzi wa Kimarekani) hulazimishana, na fundi mwenye haraka hatahisi tofauti.

Vifaa vya mkononi, yaani tochi, redio, vitambuzi vya gesi vya kubeba, viweke kando na tegi za mahali, maana huzunguka zoni zote. IEC 60079-17, kiwango cha ukaguzi, inataka vikaguliwe kwa karibu angalau kila miezi 12, na makasha yanayofunguliwa mara kwa mara, kama ya betri, yakaguliwe kwa kina angalau kila miezi 6. Kwa vifaa vilivyofungwa mahali pamoja, muda kati ya ukaguzi usivuke miaka 3 bila ushauri wa mtaalamu.

Kuna nidhamu moja ya data ninayoiomba kwako kama nimwombavyo kila mhandisi ninayefanya naye kazi. Kila taarifa iwe na alama ya ilikotoka: imesomwa kwenye kibati, imetoka kwenye cheti, imetoka kwa mtengenezaji kwa barua, au haijathibitishwa. Na kisanduku kitupu kisiwe na maana mbili. Kama kitu hakihusiki, andika hakihusiki. Kama hakijulikani, andika hakijulikani. Nafasi tupu husomwa na mtu mwenye matumaini kama "sawa", na hivyo ndivyo vifaa vibaya hukaa miaka kumi mahali pasipo pake. Usione aibu rejista yako ikiwa na mistari 200 iliyoandikwa haijulikani. Mkaguzi wa maana atakuamini zaidi kwa hiyo kuliko kwa ukurasa uliojaa kijani.

Kuhusu ukaguzi wenyewe: mkaguzi wa bima, EPRA (mamlaka ya nishati na petroli) kwa leseni yenu, na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini chini ya sheria ya usalama kazini ya 2007, wote wana haki ya kujua mnavyozuia mlipuko mahali penye mvuke unaowaka. Kama hamtakuwa mmemaliza, mweleze mkaguzi mmefika wapi: maeneo haya yamekamilika, haya yanafuata, hitilafu hizi zimepatikana, na hizi tatu tumezima umeme wake mpaka zitengenezwe. Mwambie bosi kwamba hiyo ndiyo hali mnayoweza kuitetea. Programu iliyonunuliwa wiki jana na kujazwa PDF, mkaguzi ataijua kwa kuchagua tegi moja na kutembea nayo hadi uwanjani.

Utakapokuwa umekamilisha ukumbi wa gesi na pampu, waite tena wale wa programu. Wape vifaa kumi ulivyovichagua wewe: transmita yenye kinga mbili, mota iliyosukwa, cheti chenye matoleo matatu, saketi moja ya Ex i nzima, kitambuzi cha mkononi, na vingine vilivyokusumbua. Waambie wakuonyeshe kifaa kikihama tegi bila kupoteza historia, sharti la X likitoka kwenye cheti hadi kwenye karatasi ya kazi ya fundi, na data yako yote ikitoka tena kwenye programu kama jedwali la kawaida siku mtakapoachana nao. Wakishindwa hilo la mwisho, usisaini.